Fisi Hana Wakili, Binadamu Anaye

Filamu za katuni zavuma ulimwenguni, na michezo ya "visa vya kweli" yaishia kortini

Mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwa jamaa yangu huko Msambweni, kahawa iko mbele yetu na upepo wa pwani wavuma vizuri. Akaja kijana mmoja, mtoto wa watu, mwenye adabu zake. Akatoa salamu, tukamwitikia, akakaa ukingoni mwa baraza kama akaavyo mtu mwenye haja.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi na wenzangu twataka utusaidie maneno. Tumepata kisa, twataka kukifanya mchezo tukitie kwenye simu watu watazame. Na uzuri wa kisa chenyewe, ni cha kweli."

Nikamwambia, "Haya, tusimulie."

Kilikuwa kisa cha bibi mmoja mkongwe wa huko bara ya Kwale. Wapwa zake walimtangazia kijiji kizima kuwa ni mchawi, naye akakimbia usiku na kifurushi chake mkononi, akaenda kutunzwa na binti yake mji mwingine. Vijana walikwisha kuuandika mchezo wote. Mwanzo wake yatokea maandishi meupe juu ya giza: Hiki ni kisa cha kweli. Kisha bibi aonekana saa sita za usiku nje ya nyumba ya jirani, yu peke yake, ayafanya yale yale aliyosingiziwa.

"Bibi huyo yu hai?" nikauliza.

"Yu hai."

"Na hayo ya usiku, ni nani aliyemwona?"

Kijana akacheka kidogo. "Hapana aliyemwona, mwalimu. Lakini ndivyo watu wasemavyo. Na watazamaji wayapenda mambo hayo."

Wakati huo mjukuu wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka sita hivi, alikuwa amelala kifudifudi juu ya jamvi akitazama katuni katika simu ya mamake. Fisi alikuwa akifukuzwa na wanyama wenziwe kwa ulafi wake, na mtoto akicheka mpaka machozi yamtoka. Nikatazama upande huu, nikatazama upande ule. Baraza moja, na hadithi mbili zenye kusema ubaya. Ya kwanza hapana awezaye kudhurika nayo. Ya pili yaweza kumtoa mtu roho. Na hilo ndilo nitakalo kuzungumza nawe leo, ndugu msomaji.

Katuni zilivyoshika dunia

Wako wazee wadhanio kwamba katuni ni mchezo wa kuwanyamazisha watoto mama anapopika. Hesabu za fedha zasema vingine. Mwaka 2024 filamu ya Kimarekani iitwayo Inside Out 2 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6. Mwaka uliofuata, 2025, Wachina wakaipita kwa Ne Zha 2, filamu iliyotokana na hekaya yao ya kale, nayo ikawa katuni ya kwanza kuvuka dola bilioni 2.

Lakini iliyonipendeza mimi ni ndogo kuliko hizo. Yaitwa Flow, kazi ya Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi ndogo huko Ulaya ya kaskazini. Ndani yake hamna mtu hata mmoja, wala neno hata moja. Ni paka, na mbwa, na ndege mrefu wa huku kwetu Afrika, na wanyama wengine, waliojikuta katika chombo kimoja wakati maji yalipoifunika ardhi. Mwislamu akiitazama hana budi kuikumbuka safina ya Nabii Nuhu, alayhi salaam. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa programu ya kompyuta iitwayo Blender, ambayo mtu yeyote aweza kuipata bure, hata kijana wa Ukunda. Na Machi 2025 ikatunukiwa Oscar, tuzo ya kwanza ya namna hiyo kwa Latvia.

Afrika ya Mashariki nayo haikulala. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama Tinga Tinga Tales, visa 52 vya wanyama wa Kiafrika: kwa nini kobe ana gamba lililovunjika, kwa nini tembo ana mkonga. Picha zake zilitengenezwa Nairobi, na muziki wake ukatiwa mkono na Eric Wainaina. Mtindo wa michoro ulichukuliwa kwa wachoraji wa Dar es Salaam wafuatao nyayo za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuwa akichora wanyama juu ya vipande vya mbao kwa rangi za mafuta. Marehemu huyo, kwa masikitiko, alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Na mwaka 2014 Tanzania ikatoa Ubongo Kids, katuni ya kufundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili chetu hiki, ambayo imevuka mipaka ikaingia hata kwetu Kenya.

Ni siri gani iliyomo katika katuni? Mimi naona ni siri ile ile waliyokuwa nayo bibi zetu walipotwambia "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!" Fisi wa hadithi ni mlafi, na kila mji una mlafi wake. Sungura ni mjanja, na kila soko lina mjanja wake. Bibi hakumtaja mtu. Lakini mjomba aliyekula fungu la mirathi ya yatima, akikaa pale pembeni akisikiliza habari za fisi, alikuwa akijikuna shingo. Hakuweza kusema, "Wanisema mimi," kwani angalijianika mwenyewe. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulijua.

Wataalamu wa wanyama walilalamika kwamba The Lion King ya mwaka 1994 iliwaonea fisi kwa kuwafanya wajinga na waovu. Huenda ni kweli. Lakini fisi hana wakili. Hana jirani atakayemcheka akienda sokoni, wala binti atakayekosa kuposwa.

Maneno matano yenye gharama

Sasa tuje kwa ndugu yake katuni, nao ni mchezo wa kuigiza uliojengwa juu ya mambo yaliyotokea. Huu nao wavuma sana siku hizi, kwani watu hupenda kuambiwa, "Haya yalikuwa." Lakini mwenye kusema "haya yalikuwa" amekwisha kutoka katika kazi ya msimulizi akaingia katika kazi ya shahidi. Na shahidi huulizwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu ya Rasputin, yule mtu aliyekuwa akitawala fikra za mfalme wa Urusi na mkewe. Mwanzoni mwa filamu watazamaji waliambiwa kwamba baadhi ya watu wa kisa hicho bado wako hai. Ndani yake akatiwa binti wa kifalme aliyevunjiwa heshima yake na Rasputin. Jina lake lilikuwa la kubuni. Hata hivyo Irina Yusupov, mke wa mmoja wa waliomuua Rasputin, akaenda mahakamani London akasema, "Huyo mwanikusudia mimi, na jambo hilo halikunipata kamwe." Mwaka 1934 akashinda, akalipwa pauni 25,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Tangu hapo watengenezaji wa filamu wakashika mtindo wa kuandika kwamba watu wote wa kisa ni wa kubuniwa na kufanana kwao na mtu yeyote ni kwa bahati tu. Ule mstari tuupitao bila kuusoma ulinunuliwa ghali.

Mwaka 2020 Netflix ilionyesha The Queen's Gambit, kisa cha kubuni cha msichana hodari wa sataranji. Katika sehemu ya mwisho, mtangazaji alimtaja bingwa wa kweli, Nona Gaprindashvili wa Georgia, akasema hakupata kucheza na wanaume. Sentensi moja tu! Lakini bibi huyo alikuwa amecheza na wanaume makumi kwa makumi, na mwaka 1978 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa daraja ya juu kabisa ya mchezo huo. Akiwa na umri wa miaka 80 alishtaki, akadai dola milioni 5. Jaji alikataa kuitupa kesi, na mwaka 2022 wakapatana nje ya mahakama.

Kisha ikaja Baby Reindeer, Aprili 2024. Mtunzi wake, Richard Gadd wa Scotland, alisimulia jinsi mwanamke mmoja alivyomwandama kwa barua na maneno. Mwanzo wake yametangazwa maneno yale yale ya kijana wangu wa Msambweni, kwamba hiki ni kisa cha kweli. Jina la mwanamke lilibadilishwa, lakini haikupita wiki nyingi watazamaji wakamfichua. Jina lake limetajwa na magazeti mengi. Ukurasa huu hauna haja nalo. Mchezoni yule mwanamke ahukumiwa akafungwa. Wa kweli akasema hakupata kuhukumiwa kwa jambo hilo maishani mwake, akashtaki akidai dola milioni 170. Septemba 2024 jaji wa California aliruhusu madai ya kuchafuliwa jina yaendelee, na jambo kubwa alilolitazama ni yale maneno ya mwanzo. Laiti wangaliandika "kisa hiki kimetokana na mambo ya kweli" na wakatia chumvi yao, pengine mambo yangalikuwa mengine. Waliapa kwamba ni kweli tupu, wakaulizwa kiapo chao.

Wala tusidhani haya ni ya Ulaya na Marekani peke yao. Sisi wa kusini ya Likoni tumewahi kuwa uwanja wa kisa cha namna hii. Mwaka 1986 mwanamke wa Uswisi, Corinne Hofmann, alikuja kutembea pwani, akamwona kijana wa Kisamburu katika kivuko cha Likoni, akampenda, akaacha kwao akaenda kuishi naye Barsaloi. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1998, kilisomwa na mamilioni ya watu, na ndani yake mna mambo ya chumbani, wivu wa mume, ugonjwa na ugomvi. Mwaka 2005 Wajerumani wakakifanya filamu, Die weiße Massai, na humo majina ya mke na mume yakabadilishwa. Naona walifanya vyema, ijapokuwa kwa mume huyo maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Dunia ilikuwa imekisikia kisa cha ndoa yake kwa kinywa cha upande mmoja. Mara ngapi wageni waliokuja Diani walimtazama kijana wa Kimasai auzaye shanga ufukweni kwa macho ya kitabu kile?

Sheria yasemaje, na dini yasemaje

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, yampa kila mtu uhuru wa kusema na kutunga. Lakini kifungu hicho hicho chamtaka mwenye uhuru huo aheshimu haki na jina la mwenziwe. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha ile sheria ya kumtia mtu jela kwa kuchafua jina, na hilo lilikuwa jema, kwani lilikuwa fimbo ya wakubwa. Iliyobaki ni kesi ya madai, na aliyechafuliwa apaswa kuifungua katika miezi 12. Ngao ya mshtakiwa ni kuthibitisha kwamba alilolisema ni kweli. Si kweli ya "ndivyo watu wasemavyo". Ni kweli yenye mashahidi. Wala kubadilisha jina hakutoshi, ikiwa majirani wataujua ule muembe wa uani na ule mwendo wa kuchechemea wakasema, "Si fulani huyu?"

Na katika kisa cha bibi yetu iko sheria nyingine ambayo vijana wengi hawaijui. Sheria ya uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1925 na ingali kitabuni, yasema kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi ni kosa, ila ukiwa wapeleka habari kwa wenye mamlaka. Na wenye kuishi Kwale na Kilifi hawahitaji kuelezwa kwa nini. Tumezika wazee waliouawa kwa panga na kwa moto juu ya tuhuma kama hizo, na aghalabu ukichimba chini ya tuhuma wakuta shamba.

Maiti, kwa sheria, hana kesi. Madai ya kuvunjiwa heshima hufa pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo atakayetaka kuigiza habari za Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 mpaka akakimbilia kwa Wajerumani mwaka 1896, hatashtakiwa na mtu. Waingereza walimwandika kuwa ni mwasi. Je, mtunzi atashika kalamu ya nani? Sheria haimuulizi, lakini kizazi chake kiko, na Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuwatukana waliokwisha kutangulia.

Na dini yetu imekwenda mbali kuliko mahakama. Sote tulifundishwa chuoni tofauti ya ghiba na buhtani. Ukimsema ndugu yako kwa jambo alichukialo na likawa ni kweli, umemsengenya. Likiwa si kweli, umemzulia. Basi mahakama husamehe likiwa kweli, lakini mizani ya dini yauliza tena: na kulikuwa na haja gani ya kulisema? Tena twakijua kisa cha Bibi Aisha (R.A.), Mama wa Waumini, jinsi uvumi wa wanafiki ulivyozunguka Madina kiasi cha mwezi mzima, nao walioueneza si wote waliokuwa maadui. Wengine walikuwa watu wema waliosikia wakasema. Utakaso wake ulishuka kutoka mbinguni. Bibi wa bara ya Kwale atatakaswa na nani?

Lakini kunyamaza nako si dawa

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi vijana waache visa vya kweli wakae na fisi na sungura peke yao. Hasha. Qurani yenyewe, ilipokataza kutangaza maneno mabaya, ilimtoa aliyedhulumiwa. Huyo ana ruhusa ya kupiga kelele.

Januari 2024 televisheni ya ITV ya Uingereza ilionyesha mchezo uitwao Mr Bates vs The Post Office. Ulikuwa kisa cha wasimamizi wadogo wa posta walioambiwa ni wezi kwa sababu mashine ya hesabu ilikosea. Zaidi ya 900 walihukumiwa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa na fedheha yao. Magazeti yalikuwa yameliandika jambo hilo kwa miaka, na serikali ikijikokota. Mchezo ulipoonyeshwa, nchi nzima ilitaharuki, na Mei mwaka ule ule bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile. Huo ni mchezo wa kweli uliorudisha majina badala ya kuyachafua. Ulikuwa upande wa mnyonge, na uliyachunguza mambo yake.

Na iko njia ya katikati. Country Queen, mchezo wa Kenya uliotolewa na Netflix mwaka 2022, wasimulia kijiji kiitwacho Tsilanga na kampuni iitwayo Eco Rock ijayo kuchimba dhahabu na kuwatoa watu makwao. Kijiji hicho hakimo katika ramani wala kampuni hiyo haimo katika daftari. Lakini sisi wa Kwale, tulioishi na machimbo ya titani tangu mwaka 2013 hadi yalipofungwa mwisho wa 2024, twajua fika maana ya kuhamishwa makaburi ya wazee. Fumbo lilitufikia bila kumtaja mtu.

Nilimwambia yule kijana hayo yote, kwa ufupi, maana jua lilikuwa lashuka. Nikamwambia: "Mwanangu, una njia mbili. Ama mfanye bibi kuwa fisi, au kobe, au bibi wa mji usiokuwako, useme utakalo juu ya dunia. Ama usema ni kweli, lakini nenda kwanza ukamwone mwenyewe umsikilize. Njia ya tatu hiyo yako, ya kusema ni kweli na huku wabuni, ndiyo itakayomuua."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaaga.

Alirudi baada ya wiki mbili. Walikwenda wawili, wakamchukulia sukari na majani ya chai. Bibi hakukasirika. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia waufanye mchezo wao, ila alikuwa na neno moja. Waseme kwamba lile shamba la minazi lilikuwa lake, na kwamba wapwa zake walianza kumwita mchawi mwaka ule ule alipokataa kuliuza. Hilo la shamba, kijana aliniambia, hapana mtu kijijini aliyewatajia walipokuwa wakikusanya kisa.

Sasa wauandika upya. Yale ya saa sita za usiku wameyatoa, na maandishi ya mwanzo hawajaamua. Nami nimewaahidi maneno, nikaanza kwa beti hii:

Kisa ukikipa jina, sharuti uwe shahidi,
Kwa jicho umekiona, si habari ya hasidi,
Kama ushahidi huna, tumia fumbo la jadi,
Heshima ikivunjika, kuiunga ni juhudi.